Habari Iliyokaa Uani

Peiju alikuwa msichana wa chuo kikuu, mwenye adabu zake, na hakuja Beipu, kijiji chetu cha milimani, kumliza mtu. Alikuja kuomba matawi machache ya chai kutoka shamba la Bi Kukmoi, kwa sababu shamba lile halijawahi kupigwa dawa na vile vidudu vya kijani vinavyouma majani ya chai bado vinalipenda. Bi Kukmoi, mwenye miaka themanini na ushee, alimkaribisha mezani, akamwekea keki za mchele zilizogaragazwa kwenye unga wa karanga, akamwambia ale kwanza, maneno baadaye, maana amekonda mno.

"Ngoja nikuonyeshe kazi yetu, bibi," Peiju akasema huku akitafuna, akaiegemeza simu yake kwenye birika.

Kwenye simu kulikuwa na mmea mdogo wa jamii ya haradali, umepigwa picha gizani. Kiwavi alikuwa anatafuna jani moja. Pale alipong'ata pakawaka mwanga, kisha mwanga ukaanza kutembea. Ukapita kwenye mshipa wa jani, ukashuka kwenye kikonyo, ukapanda kwenye jani la pili, halafu la tatu, majani ambayo kiwavi hajayagusa wala hajayakaribia.

"Hapo jani limeumia," Peiju akaeleza. "Seli zilizochanwa zinamwaga vitu vyake nje. Seli za jirani zikivionja tu, zinafungua milango, kalsiamu inaingia, nazo zinawaambia jirani zao. Seli kwa seli, mpaka majani ya upande wa pili yanajua. Yanaanza kujitayarisha kabla kiwavi hajafika. Chai yako nayo ni mambo hayo hayo, bibi. Kidudu kinauma mahali padogo tu, jani zima linapata habari, linatengeneza ile harufu."

"Harufu ya asali naijua tangu utoto," Bi Kukmoi akasema. "Sikujua tu kwamba yanaambizana. Habari inachukua muda gani kufika?"

"Dakika moja. Mbili, ikichelewa sana."

"Na hakuna kinachoizuia njiani?"

"Nani aizuie, bibi?" Peiju akacheka.

Bi Kukmoi akaomba aonyeshwe tena. Alipomaliza kutazama akanyanyuka, akaenda jikoni, na hakurudi. Peiju alibaki na keki mkononi akijiuliza amekosea wapi. Hakukosea. Jioni aliambiwa akate matawi kadiri apendavyo, akayakata, akarudi mjini bila kujua alichokifanya. Sisi wa huku milimani tunajua, na nitalisema jambo lenyewe kwa sababu wengi wanalisema vibaya. Wanasema Kukmoi aliipenda chai kuliko mwanawe. Waongo hao, na wengine wao wamekula wali wake.

Kukmoi hakuzaliwa katika nyumba ile. Aliletwa akiwa amefungwa mgongoni, meno hayajatimia, alelewe pale mpaka akue aolewe na mtoto wa kiume wa nyumba. Enzi zile ndivyo ilivyokuwa kwetu Wahakka: unampeleka binti yako kwa watu angali mchanga, na wewe unapokea binti wa watu, kila mama analea mkwe wake badala ya mwanawe. Walisema inapunguza gharama za harusi. Hakuna aliyesema inapunguza nini kingine.

Aliyemlea ni mavyaa wake, Bi Thaimoi, mwanamke mfupi, mkali, hacheki mpaka mvua inyeshe siku ya kutaka mvua. Lakini kwenye chai hakuwa na mpinzani. Chai yetu ni kazi ya ukaidi. Wenzetu wa mabondeni wanamuua kidudu. Sisi tunamwacha aume, tena tunaomba aume sana. Jani lililoumwa linachumwa, linaanikwa juani kidogo, halafu linaingizwa chumbani na kutandazwa kwenye nyungo kubwa za mianzi. Hapo linatikiswa kwa mikono, linaachwa lipumue, linatikiswa tena, usiku kucha mpaka kesho yake. Na muda wote huo jani liko hai. Linachubuka ukingoni, na ukingo unaupa habari moyo wa jani, maji yanatembea kwenye mishipa, wekundu unaingia kidogo kidogo kutoka pembeni kwenda ndani. Mkono ukikosea, ukabana au ukasahau, njia ya maji inakatika na jani linakufa likiwa kijani. Tunaliita jani maiti. Ukilitia kwenye karai la moto, linakokaangwa mwishoni, linanuka majani ya ng'ombe, na hapo ulishe ng'ombe kweli, maana mnunuzi halitaki.

Kukmoi alikuwa na miaka minane hivi, Wajapani bado wanatawala, siku mtu alipoingia chumba cha nyungo akamwambia Bi Thaimoi kwamba mwanawe mkubwa, yule aliyechukuliwa jeshini kupelekwa visiwa vya kusini, amekufa huko. Hakulia. Mikono yake ilisimama tu juu ya ungo, na ilisimama sana. Alipokumbuka kuisogeza, majani yote yalikuwa maiti. Ile ndiyo ilikuwa chai ya kununulia mchele. Mwaka ule nyumba nzima ilikula viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi, mchana na jioni, na mtoto mdogo wa jirani aliyezoea kula kwao hakuuona mwaka uliofuata.

Toka hapo Bi Thaimoi akaweka sheria: majani yakiwa kwenye nyungo, habari mbaya haivuki kizingiti. Aje nani, afe nani, mleta habari atakaa uani mpaka chai iingie kwenye karai. Mwanzoni watu walimcheka. Baadaye nyumba nyingine zikaiga, hata ikaonekana adabu ya kawaida.

Kukmoi alipofika umri aliolewa na Fukzin, mtoto mdogo wa nyumba, mtu aliyekuwa akigombania naye vijiti vya kulia tangu wakiwa na kamasi. Haikuwa rahisi kumwona mume katika mtu uliyemzoea kama kaka, lakini walivumiliana, wakazaa wavulana wawili, kisha msichana. Msichana wakamwita Lanyin.

"Huyu ataenda kwa akina Then, ng'ambo ya mto," Bi Thaimoi akasema mtoto akiwa bado hajakaa. "Wana kijana."

"Mama, mwache kidogo. Hata shingo haijakaza."

"Wewe ulikuja shingo imekaza? Nilikupokea, sasa utoe. Dunia ndivyo inavyozunguka."

Akamtoa. Mama Then mwenyewe alikuja kumchukua, mwanamke mpole, wala hakuwa na kosa. Kukmoi aliendelea kutokwa na maziwa, akawa anayakamulia kwenye jivu la jikoni ili wanaume wasione, na mpaka leo ukimtajia jivu lenye unyevu anageuza uso. Lanyin alifundishwa kumwita Mama Then mama. Kukmoi, aliyemzaa, akaitwa mama mdogo.

Ahueni yake ilikuwa msimu wa chai. Lanyin alipokua alikuja kila mwaka, mwezi wa tano wa kalenda yetu, pamoja na wachumaji wengine, kofia imefunikwa kitambaa cha maua, vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Wakati huo Bi Thaimoi alishazikwa na nyungo zilikuwa za Kukmoi. Mwaka mmoja jirani alikuja mbio kusema kwamba Fukzin ameanguka na baiskeli, mguu umevunjika. Kukmoi alimwona tu anavyohema, akanyakua ufagio.

"Usifungue huo mdomo! Toka! Uani!"

"Lakini mama, mumeo—"

"Nimesema uani! Ana pumzi, hana pumzi, atanisubiri!"

Lanyin alikuwa mlangoni na kikapu chake. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaenda kuisimulia hadithi ile sokoni, kisimani, kwenye jukwaa la michezo ya hekaluni, huku akimwigiza mama mdogo, akiigiza jirani, akiigiza ufagio. Watu wa ng'ambo zote mbili za mto wakaijua. Kukmoi akawa na sifa: mwanamke wa chuma, chai yake haishtuki. Nasema kweli, sifa ile ilimpendeza.

Lanyin akaolewa na kijana wa Then kama ilivyopangwa, na alipofika miaka ishirini akapata mimba. Mama Then alileta habari, na Kukmoi akaanza kunenepesha kuku. Kwetu mzazi analishwa kuku aliyepikwa kwa mvinyo wa mchele na tangawizi, mwezi mzima, na kuku hao huletwa na upande wa mama aliyemzaa. Kukmoi hakuwa na uhakika kama yeye ni upande wowote. Alimwambia Fukzin kuku ni wa kuuza. Fukzin akawaangalia wale kuku walivyoshiba, akasema, "Mnunuzi wao ana bahati," akaenda zake.

Na kuna desturi nyingine inayotangulia hiyo. Mtoto akizaliwa, nyumba ya baba inatuma mtu kwa mama wa mzazi na chupa ya mvinyo wa tangawizi na kuku mkononi. Ukimwona anakuja njiani na chupa yake, hata hajasema, unaanza kushangilia.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya jua kali la jana yake. Wachumaji walikuwa wamepata majani mazuri kuliko msimu wowote, yameumwa kila mahali, yamejikunja, ncha nyeupe. Kukmoi alikesha nayo. Asubuhi, wakati Fukzin na wanawe wako mlimani, alimwona Sinfat anaingia uani. Sinfat ni mdogo wa Bwana Then, baba mkwe wa Lanyin. Kazi yake ilikuwa kuhasi nguruwe, na mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa anaanza kuzungumza bado yuko kwenye mawe ya mtoni, na ukimkuta amelala, basi anazungumza usingizini. Siku ile aliingia kimya. Akakaa kwenye jiwe la kufulia. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Sinfat!" Kukmoi akaita kutoka ndani bila kuacha kutikisa. "Mbona umenyamaza? Nguruwe wamekutafuna ulimi?"

"Chai iko kwenye nyungo, dada?"

"Iko. Huinusi?"

"Basi maliza kwanza."

Angeweza kuuliza. Maneno mawili tu: Lanyin vipi? Hayakuwa mazito, mtoto mdogo anaweza kuyatamka. Badala yake aliitazama ile mikono mitupu na kuitafutia sababu. Alijiambia: chupa huletwa kwa mama, na mimi si mama, mimi nilimtoa, chupa watakuwa wameinywa wenyewe huko, wana haki. Alijiambia: labda amekuja kuazima kamba. Alijiambia: mtu anaweza kuumwa jino akanyamaza. Na mikono inazunguka, inainua majani, inayaachia, inainua. Harufu ilikuwa imeanza kuja, ile yenyewe, matunda yaliyoiva na asali, na alijua kwamba hajawahi kutengeneza chai kama hii na hatatengeneza tena.

Wakati fulani Sinfat alinyanyuka. Akaja mpaka kizingitini, akashika mwimo wa mlango, akafungua kinywa. Kukmoi hakugeuza kichwa. Aliinua kiganja kimoja, kijani kwa utomvu, akakiweka hewani katikati yao. Sinfat akafunga kinywa, akarudi kwenye jiwe. Kukmoi mwenyewe ndiye anayesimulia habari ya kile kiganja. Hajifichi. Anasema ufagio ungekuwa afadhali, kwa sababu ufagio unaushika kabla hujafikiri.

Alijua. Sitamtetea hapo. Jani likiumwa ukingoni moyo wake unajua, na yeye alijua tangu mtu yule alipokaa bila neno. Ila kujua kulibaki mahali fulani kifuani, hakukufika miguuni. Alikuwa amelelewa na mwanamke ambaye mikono yake ilisimama mara moja tu, na akaona njaa iliyofuata. Wanaomcheka hawakula vile viazi.

Mchana majani yaliingia kwenye karai. Mtaa mzima ulinukia. Kukmoi akanawa mikono, akamtolea Sinfat kikombe cha chai.

"Haya. Sema sasa."

Sinfat hakukipokea kikombe. "Lanyin amejifungua alfajiri. Mtoto wa kiume, mzima. Damu haikukatika."

"Imekatika sasa?"

"Mimi nimetoka asubuhi, dada. Najuaje? Nilikuwa hapa."

Kukmoi akaondoka vile vile, bila viatu, chai ya kwenye karai ikiwa bado ina moto chini yake.

Niseme kwanza ya baadaye, kwa sababu nikishafika ng'ambo ya mto sitakuwa na la kuongeza. Chai ile Fukzin, aliyerudi saa ile ile kutoka mlimani, aliiokoa, akaikunja na kuikausha vizuri tu. Mnunuzi aliyeionja aliomba kiti. Kukmoi hakuionja, wala siku hizo wala baada ya hapo, na ukimtajia kwamba ilikuwa bora kuliko zote anakwambia hajui. Msimu uliofuata aling'oa mlango wa chumba cha nyungo, na kizingiti chake. Akawa mtu akionekana tu uani anamkemea, "Sema! Usikae! Sema kilichokuleta!" hata kama aliyekuja anarudisha ndoo aliyoazima. Nyungo nyingi ziliharibika kwa hofu zake. Watu wakazoea kupiga kelele tangu mbali: "Heri tu, Bi Kukmoi! Nimekuja kuomba chumvi!" Mtoto wa Lanyin alilelewa na Mama Then. Sasa ana duka la mabomba na misumari huko mjini Zhudong, ni mtu mnene, mkimya, anamletea bibi yake machungwa kila mwaka mpya na kumtengenezea bomba la maji bila kuulizwa. Wakiwa pamoja hawazungumzi sana. Kukmoi humtazama mikono anapofanya kazi, akidhani haonekani.

Tangu kwao hadi kwa akina Then ni mwendo wa saa moja kwa mtu anayetembea, na Kukmoi hakutembea. Sinfat alipokuwa akiingia uani asubuhi, muda ulikuwepo tele. Ungetosha kwenda, kukaa kitandani, kushika mkono, kusema yote ambayo mama mdogo hana ruhusa ya kuyasema. Hayo aliyapiga hesabu njiani, akiruka mawe ya mtoni, na ameyapiga hesabu tangu siku ile.

Mama Then alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, mtoto amefungwa kifuani mwake, macho yamevimba. Kukmoi akaliona beseni la maji ya moto limekwisha mwagwa na shuka zimelundikwa pembeni, akaacha kukimbia. Hatua zile za mwisho alizipiga taratibu kabisa.

"Lini?" akauliza.

"Sasa hivi. Jua lilipopanda juu ya paa."

"Aliniulizia?"

Mama Then alimtikisa mtoto, ingawa mtoto hakuwa analia. Alikuwa mwanamke mpole, na nadhani angependa kudanganya, ila hakuwa amejifunza.

"Asubuhi aliniuliza kama Sinfat ameshaondoka. Nikamwambia ameondoka zamani, mama yako yuko njiani, vumilia. Halafu akaniuliza, jana kulikuwa na jua? Nikamwambia kulikuwa na jua kali. Akasema, 'Basi chai iko kwenye nyungo. Sinfat atakuwa amekaa uani.'"

"Akasemaje tena?"

"Hakukuulizia tena baada ya hapo. Aliomba tumgeuze aelekee ukutani, apumzike."

Kukmoi akashika nguzo ya ngazi. "Alikasirika?"

"Hapana," Mama Then akasema. "Hata kidogo. Alisema tu, kama mtu anayejua mambo ya kwao."